Hatifungani ya buluu: deni linalokopwa kwa ajili ya bahari

Hatifungani ya buluu ni hati ya deni. Serikali, benki au mamlaka ya umma hukopa kwa wawekezaji, huwalipa riba kwa vipindi vilivyokubaliwa, na muda ukiiva hurejesha mtaji wote; kinachoitofautisha na hatifungani za kawaida ni ahadi iliyoandikwa katika waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi wanayopewa wawekezaji kabla ya kununua, kwamba fedha hizo zitakwenda kwenye shughuli za bahari na pwani, kama vile uvuvi usiomaliza samaki, upandaji wa mikoko, ulinzi wa matumbawe au usafishaji wa majitaka kabla hayajafika baharini. Si msaada, ingawa wengi hudhani hivyo pindi wanaposikia Benki ya Dunia ikitajwa.

Nchi ya kwanza kutoa hatifungani ya namna hii ni Shelisheli, Oktoba 2018, ilipokopa dola milioni 15 kwa miaka 10 kutoka kwa wawekezaji watatu. Riba iliyoandikwa ilikuwa asilimia 6.5, yaani dola 975,000 kila mwaka, mzigo usio mwepesi kwa taifa lenye watu takriban laki moja. Benki ya Dunia ilidhamini dola milioni 5 za deni hilo, na Mfuko wa Mazingira wa Dunia ukatoa mkopo nafuu wa dola milioni 5 wa kupunguza makali ya riba, hivyo gharama halisi ikashuka hadi takriban asilimia 2.8. Mwanachama yeyote wa SACCOS hapa Moshi anaielewa hesabu hii bila kufundishwa, kwa sababu anajua mkopo wenye mdhamini wa uhakika unavyopata masharti tofauti na ule usio naye.

Udhamini huo ulihitajika kwa sababu bahari iliyohifadhiwa hailipi kwa urahisi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, ya miaka 10, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 na riba ya asilimia 13.5, na anayeuliza marejesho yatatoka wapi anajibiwa kwa neno moja: ankara. Matumbawe hayana mita. Mapato yanayoweza kutajwa upande wa bahari ni leseni za uvuvi, viingilio vya hifadhi kama ile ya Mafia iliyoanzishwa 1995, na tozo za utalii, ambavyo vyote huyumba pale watalii au samaki wanapopungua. Mapato hayo yakiwa hayatoshi na mkopaji akiwa ni serikali, deni hulipwa na walipakodi wote, akiwemo muuza dagaa wa soko la Mbuyuni. Kwa maoni yangu, ukurasa unaoeleza chanzo cha marejesho una uzito kuliko picha zote za kasa zinazopamba waraka.

Kuna sababu nyingine inayoifanya dhana hii iwahusu watu wa Moshi na Arusha. Mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na ya upande mmoja wa Kilimanjaro, hukutana na Mto Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huteremka kupitia Korogwe hadi Bahari ya Hindi. Maji yakichotwa kupita kiasi huku juu kwa ajili ya umwagiliaji, mto hufika mdomoni ukiwa dhaifu, na maji ya chumvi hupanda kuingia mashambani na visimani mwa watu wa Pangani. Hivyo fedha zilizotumika kulinda chemchemi zinazolisha Kikuletwa, au kuziba mifereji inayovuja Hai na Arumeru, zinaweza kuhesabiwa kihalali kuwa fedha za bahari, ilimradi waraka wa matarajio umelitaja bonde la mto tangu mwanzo; wawekezaji wakishanunua, matumizi ya fedha zao si jambo la kubadilishwa kwa barua ya ofisini.