Mfarisayo si jina jingine la mnafiki

Mtu akijionyesha mcha Mungu huku mambo yake ya sirini yananuka, tunamwita Mfarisayo. Neno limezoeleka hivyo, lakini linawaonea Mafarisayo wenyewe, kundi la kidini la Wayahudi wa wakati wa Yesu.

Kwanza, Mafarisayo sio waliolishika Hekalu la Yerusalemu. Ukuhani mkuu na utajiri wake vilikuwa zaidi upande wa Masadukayo, kundi jingine la Kiyahudi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasema Mafarisayo walizidi 6,000, walipendwa na watu wa mijini na walikuwa wapole katika kutoa adhabu. Pamoja na Torati iliyoandikwa walifuata mapokeo ya wazee, na waliamini ufufuo, jambo ambalo Masadukayo walilikana. Paulo alilijua pengo hilo vizuri: mbele ya Baraza kuu la Wayahudi alipaza sauti kwamba yeye ni Mfarisayo, na kikao kikagawanyika papo hapo (Matendo 23).

Lawama kali za Yesu dhidi yao katika Mathayo 23 zipo, sikatai. Ila katika Luka 13:31 ni Mafarisayo hao hao wanaomwonya Yesu aondoke, Herode anataka kumwua. Na Gamalieli, aliyelishauri Baraza liwaache mitume, alikuwa Mfarisayo.