Je, wajua kwa nini buu wa nyuki huuawa na ugonjwa usiowadhuru dada zake?

Yai la nyuki huanguliwa siku ya 3. Buu anayetoka ni mweupe, mdogo, amejikunja kwenye maziwa ya nyuki ndani ya tundu la sega. Siku hiyo ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote maishani mwake: spora (chembe ngumu kama mbegu) 10 hivi tu za Paenibacillus larvae, bakteria wanaoleta ugonjwa huo, zatosha kumuua. Akipita siku 2, huhitaji mamilioni. Na dada zake wanaomlisha huzimeza kila wanaposafisha matundu, wala hawaugui.

Siri kubwa iko tumboni. Utumbo wa nyuki una utando wa kitini (kitu kigumu kama cha ganda la mdudu) unaozuia vijidudu visifike ukutani. Kwa buu mchanga utando huo bado ni mwembamba, hivyo spora huota, bakteria huutafuna na kupenya hadi mwilini. Damuni, buu ana seli nyingi za kumeza vijidudu, ila kimeng'enya cha kutengeneza rangi nyeusi inayovizingira vijidudu hivyo bado ni haba. Kwa nyuki mzima mambo hugeuka: seli hupungua, kimeng'enya huongezeka.

Kwa mfugaji, basi, kuona nyuki wazima wenye afya si ushahidi kwamba mzinga ni salama, maana hao hao ndio wanaobeba spora hadi kwenye chakula cha mabuu. Kagua vifuniko vya matundu. Vikiwa vimedidimia, vimelowa na kutobokatoboka, chomeka njiti ya kiberiti, koroga, kisha vuta polepole. Ute wa kahawia ukivutika kama uzi wa sentimita 2 au zaidi, shuku ugonjwa huu, mjulishe afisa wa ufugaji nyuki, na sega hilo lisiingie mzinga mwingine kamwe. Dawa za antibiotiki haziui spora, na spora hizo hukaa hai zaidi ya miaka 35. Ndiyo maana masega huchomwa shimoni na kufukiwa.

Kinga hubadilika tena ukubwani. Nyuki kibarua hulea mabuu kwanza, mwili umejaa vitelojenini, protini inayosaidia kinga yake. Akifikisha takriban wiki 3 na kuanza kutoka kutafuta nekta, protini hiyo hushuka na seli zake za kinga hufa kwa wingi. Lakini, na hili ni la ajabu kweli, walezi wakiondolewa mzingani, baadhi ya watafutaji hurudi kulea: vitelojenini hupanda, na seli za kinga huongezeka upya.