Steini ni nini na mbona siyo sawa na vanishi

Wengi wakienda dukani kununua vitu vya sakafu ya mbao wanasema tu nipe vanishi ya kahawia, kichwani wanawaza rangi na kinga kwa pamoja, na hapo ndo shida inaanzia maana hivyo ni vitu viwili. Steini ni rangi nyepesi, majimaji, inanyweshwa kwenye mbao, mistari ya mbao inabaki inaonekana. Ila haikingi kitu. Ukiishia hapo, baada ya muda mfupi tu pale mlangoni panapokanyagwa sana panaanza kupauka na maji yakimwagika yanaingia. Kinga ni finishi, yaani vanishi au mafuta ya mbao unayopaka juu, steini ikishakauka kabisa.

Zipo pia vanishi zilizotiwa rangi tayari. Kwa meza sawa, kwa sakafu mi sishauri kabisa, rangi yake inakaa juujuu, siku mtu akivuta kiti inatoka na vanishi yake na mbao nyeupe inachungulia.

Sasa rangi. Usichague kwa picha ya kwenye kopo, jamani, mbao nayo ina la kusema. Chukua paini, hizi zinazotoka huku Mafinga, sehemu laini inakunywa steini sana, ile mistari migumu haitaki, sasa ukipaka rangi iliyokolea unapata mabaka. Paini ipe rangi ya wastani, au uitangulize na dawa ya kupunguza unywaji kabla ya steini. Mninga na mtiki zina rangi zao tayari, na kuipaka mninga steini nyeusi mi naona ni kuionea, ipake vanishi isiyo na rangi iwake yenyewe. Ukitaka kujua itakavyokuwa, futa ubao kwa kitambaa chenye maji, ile rangi unayoiona ikiwa mbichi ndo karibu na ya vanishi.

Rangi ya giza sana inapendeza ila inaonyesha kila vumbi na kila unyayo, ujue hilo kama nje kwako ni barabara ya udongo.

Jaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki, vya mbao zilezile, vipigwe msasa uleule, paka steini, subiri dakika kama kumi, futa inayobaki juu, ikikauka weka na vanishi maana vanishi inakoleza rangi, alafu viangalie mchana na usiku taa ikiwaka. Msasa ndo watu wanaudharau. Fundi anapiga mashine katikati kwa namba 120 halafu kwenye kona anasugua kwa mkono na namba nyingine iliyo laini zaidi, ukipaka steini chumba kizima kinakuwa na fremu pembeni, maana msasa laini unaziba vitundu vya mbao na rangi haiingii vizuri.

Finishi ya kung'aa sana inaonyesha mikwaruzo yote, mi ningechukua ya satini, yaani inayong'aa kidogo tu. Vanishi ya mafuta inageuka njano njano kadiri siku zinavyoenda, ya maji inabaki angavu, kwa hiyo kama umechagua rangi ya kijivu au nyeupe chukua ya maji.

Na yale matambara uliyofutia mafuta usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto. Yatandaze nje moja moja yakauke.