Ulimaliza mwaka gani? C yako huenda si C ya mdogo wako

Niko kwenye kazi ya udahili chuoni kwa muda sasa, na mtu akinikabidhi cheti cha kidato cha sita, jicho langu huanza na mwaka. Herufi baadaye. Waombaji hudhani nakagua kama cheti ni cha kughushi. La hasha, nataka kujua herufi hizo nizisome kwa kipimo kipi, maana ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja tu shuleni wanaweza kuwa na C zisizolingana kabisa.

Historia yake nitaipitia haraka. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 wakawa na divisheni ziro. Tanzania nzima ikapiga kelele. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, ikabainika kwamba mwaka ule Baraza la Mitihani (NECTA) lilipanga madaraja kwa viwango visivyobadilika, tofauti na utaratibu wa nyuma ambapo viwango vilirekebishwa kulingana na hali ya ufaulu. Mei serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya, na ufaulu ukafika asilimia 43 hivi. Maswali yalikuwa yale yale na majibu yale yale. Kijana aliyekwisha kuambiwa ana ziro akajikuta na divisheni foo, na mwenye D nne anaweza kuanza chuo cha kati.

Baada ya dhoruba hiyo zikaja herufi saba: A, B+, B, C, D, E na F, kuanzia mtihani wa kidato cha nne wa 2013 na wa kidato cha sita wa 2014. Kisha divisheni zikaondolewa, ikaja GPA (wastani wa pointi) pamoja na distinksheni, meriti, krediti na pasi. Wazazi walichanganyikiwa, na siwalaumu. Kwenye divisheni ndoto ya kila mtu ni wani ya pointi 7, namba ikipungua ndiyo sherehe. Kwenye GPA namba ikipungua ni msiba. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuliongoza Baraza hilo hilo, akaagiza divisheni zirudi. Zikarudi.

Mjadala wote wakati ule, redioni na kwenye daladala, ulikuwa divisheni au GPA. Kwa sisi tunaokaa dirishani hilo lilikuwa jambo dogo. GPA ilikuwa namna ya kujumlisha tu. Kilichowafungulia na kuwafungia watu njia ni mipaka ya herufi, nayo ilihama bila kelele yoyote.

Chukua mtahiniwa wa kidato cha sita aliyepata alama 42 katika masomo mawili ya tahasusi yake, yaani mchanganyiko wa masomo anaosoma kidato cha tano na sita. Alama 42 haziandikwi kwenye cheti; cheti huonyesha herufi. Kama alifanya mtihani 2015, 42 ni C, kwa sababu C ilianzia 40 hadi 49. Kama alifanya 2016, 42 ni E, kwa sababu C ilipanda mpaka 60 na D ikaanzia 50. Sasa fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Wote wanatakiwa kuwa na jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili ya prinsipo, yaani masomo makuu. Kwa wahitimu wa 2014 na 2015, C ni pointi 2, kwa hiyo mtu wetu ana 4.0 na amekidhi kigezo cha chini cha shahada. Kwa mhitimu wa 2016 na kuendelea, E ni pointi 1. Ana 2.0. Huyu namwelekeza stashahada, asome, apate GPA isiyopungua 3.0, ndipo arudi kuomba shahada. Juhudi ni ile ile, ila mmoja ameongezewa miaka na ada.

TCU naisifu kwa jambo moja: imewatenganisha waombaji kwa mwaka waliomaliza, kabla ya 2014, 2014 hadi 2015, na 2016 kuendelea, kila kundi na hesabu yake. Waajiri wengi hawafanyi hivyo. Tangazo la kazi linadai C mbili za kidato cha sita bila kutaja mwaka, na aliyetoka na D mbili mwaka 2016, yaani alama zisizopungua 50 kila somo, anaachwa nyuma ya mwenye C ya 42. Nimewahi kubishana na ofisi moja kuhusu hili, wakanijibu kwamba mfumo wao wa kompyuta unasoma herufi tu.

Kwa kidato cha nne mshtuko ulikuwa mdogo zaidi: C ilitoka 40 ikaenda 45. Lakini alama hizo tano ndizo zinazoamua nani anakwenda kidato cha tano, kwa kuwa lazima uwe na krediti tatu (A, B au C), bila kuhesabu somo la dini, na pointi zako zisizidi 25. Wengi hawajui kwamba ndani ya tahasusi jumla inaruhusiwa kufika 10, maana yake C, C na D (hapa C ni pointi 3 na D ni 4) bado inapita, mradi krediti ya tatu iko kwenye somo jingine. Nimeona wanafunzi wanakata tamaa kwa sababu ya D moja ya Hisabati wakati njia ilikuwa wazi.

Tangu 2024 hoja imehama kutoka madaraja kwenda masomo yenyewe. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi na stadi za kazi) sambamba na mkondo wa jumla, na Machi 2024 TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ikatangaza tahasusi 65, ambazo 49 kati yake ni mpya, zikiwemo za sanaa, michezo na dini. Mimi naziunga mkono. Hofu yangu ni kwamba tahasusi inaanza leo na sifa za kujiunga na programu za vyuo zinaandikwa na watu wengine, kwa kasi nyingine. Mtoto akichagua tahasusi mpya, programu anayoitaka isipotaja masomo yale, pointi 4.0 hazitamsaidia.

Kwa hiyo mzazi, kabla mwanao hajabadilisha chaguo lake kwenye Selform (mfumo wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi), fungueni pamoja mwongozo wa TCU wa mwaka huu, mtafute programu tatu anazozitaka, msome safu ya sifa za kujiunga neno kwa neno. Masomo yake yasipotajwa, pigeni simu chuoni mkaulize mapema. Sisi wa udahili simu tunapokea, ila Septemba foleni ni ndefu.