Kijani cha Pugu kinaweza kukudanganya

Ukipanda daladala la Kisarawe pale Gongo la Mboto, ukishapita Pugu unaanza kuona msitu. Abiria wengi huridhika: "Mbona miti ipo." Sisi tunaofanya kazi ya misitu huwa tunaangalia chini kwanza.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo leo ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ina zaidi ya hekta 7,000. Wapo mti na mnyama ambao ukiwakosa ukanda huu wa pwani, huwapati kwingine duniani. Mti uitwao Baphia puguensis umepewa jina la Pugu yenyewe.

Mnyama ni komba wa Rondo, mwenye jina la nyanda za Rondo mkoani Lindi. Huyu si yule komba mkubwa anayelia kama mtoto, anayesingiziwa ulevi kwa kunywa tembo la wagema. Huyu ana gramu 60 hivi, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1997 tu. Anaishi Tanzania peke yake, katika vipande vichache vya msitu kuanzia Zaraninge, mkoani Pwani, hadi Lindi na Mtwara, na amewahi kuingizwa kwenye orodha ya primata (jamii ya nyani, kima na komba) 25 walio hatarini zaidi duniani. Usiku hutafuta wadudu kwenye vichaka vya chini, akiruka kutoka shina hadi shina.

Vichaka hivyo ndivyo vinavyotangulia kupotea. Mchoma mkaa hukata miti, akaipanga, akaifunika kwa nyasi na udongo, akawasha na kuchunga moshi kwa siku kadhaa. Tanuru la namna hii hula kuni vibaya sana: kilo 100 hutoa mkaa kilo 10 hadi 20 hivi. Lakini hasara haiishii kwenye miti iliyokatwa. Jua likishapenya pale palipokuwa na kivuli, nyasi huota. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nyasi hizo hukauka na moto hupata njia ya kuingia ndani. Miti mingi ya miombo, ile misitu mikavu ya bara, imezoea moto, ila vichaka vya msitu wa pwani havijauzoea. Miaka michache baadaye miti mirefu bado imesimama, na kutoka barabarani unaona kijani kilekile, lakini komba hana pa kurukia.

Kwa anayeuliza mjini Dar es Salaam haya yanamhusu nini: Mto Msimbazi, huo unaofunga barabara pale Jangwani mvua zikizidi, unaanzia kwenye vilima hivyo vya Pugu na Kisarawe.

Kukata, kuchoma, kulima au kulisha mifugo ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mkaa halali nao husafiri na hati yake ya kusafirishia. Mwenye jiko la nyumbani hatuwezi kumtaka ashike karatasi kwa kila kopo analonunua, hiyo haitekelezeki. Ila mwenye mgahawa anayeshushiwa magunia kwa gari, amwombe muuzaji hati hiyo kabla ya kulipa. Asiyekuwa nayo, na akaanza kushusha bei ghafla, mwache aende na mzigo wake.