Ukaguzi wa kabla ya kununua katamarani iliyotumika: maana yake na yanayochunguzwa

Ukaguzi wa kabla ya kununua ni uchunguzi wa chombo cha majini unaofanywa na mtaalamu aliyelipwa na mnunuzi, baada ya pande mbili kukubaliana bei na kabla ya malipo kukamilika. Neno lenye uzito hapo ni mnunuzi. Muuzaji anaweza kukuonyesha ripoti ya mwaka jana, nayo ikawa ya kweli tupu, lakini iliandikwa kwa ajili yake au kwa ajili ya bima yake, na aliyeiandika hawajibiki kwako kwa lolote. Ndiyo maana mkataba mzuri huweka sharti kwamba arubuni itarudishwa endapo ukaguzi utafichua kasoro kubwa, na ndiyo maana ni vyema mkaguzi asiwe mtu aliyeletwa na dalali.

Ukaguzi huu usichanganywe na ule wa serikali. Hapa Uganda kuna Sheria ya Usafiri wa Majini ya Ndani ya mwaka 2021, na umuhimu wa kusimamia vyombo ulionekana kwa uchungu Novemba 2018, boti ya MV Templar ilipozama katika maji ya Mukono na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mkaguzi wa serikali huangalia kama chombo kinafaa kubeba watu. Hakuambii kama bei uliyotajiwa ni ya haki, wala kama mwakani utalazimika kubadilisha nyaya zote za mlingoti.

Katamarani ni chombo chenye viwiliwili viwili vyembamba vinavyolingana, vilivyounganishwa kwa boriti au kwa sitaha pana. Si ngalawa ya pwani, yenye kiwiliwili kimoja na mirengu ubavuni. Umbo hilo ndilo linaloamua mkaguzi aanzie wapi. Jahazi la kawaida likipigwa na upepo mkali hulala upande, na kwa kulala huupunguzia upepo nguvu. Katamarani hailali kirahisi, kwa hiyo nguvu hiyo yote huingia kwenye mlingoti, kwenye nyaya zinazoushikilia na kwenye viungo vya viwiliwili. Zaidi ya hapo, wimbi huinua kiwiliwili kimoja wakati cha pili kingali bondeni, na chombo kizima husokoteka kama nguo inayokamuliwa. Mkaguzi mwenye uzoefu, kabla hata ya kutoa vifaa vyake, hufungua na kufunga milango ya vyumba vya chini. Mlango unaokwama, au uliochongwa pembeni ili ufunge, humwambia kwamba huenda umbo limepinda. Kisha huchunguza mahali kuta za ndani zinaposhikana na ganda, huangalia boriti ya mbele inayovutwa na waya wa tanga dogo, na hupiga magoti chini ya mlingoti kutafuta nyufa.

Katamarani nyingi za kisasa zimejengwa kwa tabaka mbili za faibaglasi, katikati mkiwa na mbao nyepesi ya balsa au povu gumu. Maji yakipenya hapo kupitia tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, balsa huoza kimyakimya huku rangi ya juu iking'aa kama mpya. Mkaguzi hutembeza nyundo ndogo ya plastiki juu ya sitaha, pigo moja kila upana wa kiganja: ti, ti, ti, sauti kavu na kali, halafu ghafla bu. Hurudi nyuma, hugonga tena, na huzungushia chaki eneo lote la sauti butu. Kwa maoni yangu mnunuzi asikose kuwepo saa hiyo, kwa sababu duara la chaki utakaloliona kwa macho yako lina nguvu kuliko kurasa kumi za ripoti.

Maji ya Ziwa Viktoria yana mambo yake. Kwa kuwa ni maji baridi, hupenya faibaglasi kwa urahisi kuliko maji ya chumvi na kuleta malengelenge chini ya rangi, kwa hiyo chombo lazima kipandishwe nchi kavu kikaguliwe tumbo lake. Vipande vya zinki vinavyowekwa baharini ili viliwe na kutu badala ya propela havifanyi kazi vizuri ziwani. Hapa hutumika vya magnesi. Na kwa kuwa meli haiwezi kupanda kutoka baharini hadi ziwani, katamarani inayonunuliwa Mombasa au Kilifi huja kwa lori, ikiwa imefunguliwa vipande. Ile iliyofinyangwa kama kitu kimoja haifunguliki pasipo kukatwa. Iliyofungwa kwa bolti ikaguliwe tena baada ya kuunganishwa upande huu, kwani safari ya barabarani huweza kupanua matundu ya bolti ambayo yalikuwa salama pwani.

Injini hukaguliwa ikiwa baridi. Fika alfajiri, uiguse kwa mkono. Ukiikuta ina joto, kuna mtu aliyeiwasha mapema, na pengine alikuwa akificha moshi au ugumu wa kuwaka. Majaribio ya tanga, kinyume chake, yangoje alasiri, upepo unapovuma kutoka ziwani kuelekea Entebbe na Munyonyo, maana asubuhi iliyotulia haijaribu mlingoti. Nyaya za chuma cha pua zenye umri wa zaidi ya miaka 10 huhesabiwa kuwa za kubadilishwa hata zikionekana nzima, na kampuni nyingi za bima husisitiza jambo hilo. Kumbuka pia kwamba injini mara nyingi ni mbili na sukani ni mbili, na gharama vilevile.

Ripoti inayofuata si dhamana. Mkaguzi haruhusiwi kutoboa wala kubandua mali ya mtu mwingine, hivyo huandika alichoweza kukifikia, na ripoti ya mtu mwaminifu hutaja pia sehemu ambazo hakuzifikia. Zisome hizo kwanza, kisha umuulize muuzaji kama atakubali zifunguliwe mbele yako.