"Kesi ilifutwa, wakili": rekodi ya jinai na ombi la uraia wa Marekani

Wiki hii nimeisikia tena. Kaka mmoja kaja na fomu yake ya N-400, ile ya kuombea uraia, imejazwa hadi sahihi, na kwenye swali la kukamatwa kaweka "hapana". Tumeshamaliza, anarudisha karatasi kwenye bahasha, ndipo anasema: "Ila kuna ile ya dukani, ya zamani. Jaji aliifuta, kwa hiyo haipo."

Ipo. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, na maelekezo yake yanakutaka utaje hata rekodi iliyofungwa au kufutwa, hata kama jaji mwenyewe alikwambia huna rekodi tena. Kufutiwa huko kunakusaidia kwa mwajiri. Kwa afisa wa uhamiaji hakukusaidii, maana kabla hujaketi mbele yake alama zako za vidole zimeshapita FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho. Isitoshe, uhamiaji una tafsiri yake ya hatia: ukikiri kosa na jaji akakuwekea adhabu au masharti, umetiwa hatiani, hata kesi ikifutwa baadaye kwa kuwa umetimiza masharti.

Kinachoniudhi ni kwamba kosa lenyewe pengine lisingemzuia. Uongo chini ya kiapo ndio ungemzuia, kwani wenyewe tu unatosha kumwondolea sifa ya mwenendo mwema, ambayo ni sharti la uraia.

Wengine hujitetea: "Miaka mitano ikipita nimesafika." Kwa kawaida mwenendo hupimwa kwa miaka hiyo, lakini afisa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi. Aliyehukumiwa kwa mauaji wakati wowote, au kwa kosa la kundi zito ("aggravated felony") tangu Novemba 29, 1990, amefungiwa mlango maisha. Na jina la kundi hilo lisikudanganye: wizi uliohukumiwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi umo, hata kama hukulala jela hata siku moja.

"Bangi ni halali jimboni kwetu." Uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, si ya jimbo, na hiyo haijaihalalisha bangi.

"Wakinikatalia nitabaki na grini kadi yangu." Si lazima. Wapo walioomba uraia wakaishia mbele ya jaji wa uhamiaji, wanapigania wasifukuzwe nchini. Mwenye hatia yoyote amwone wakili kabla ya kutuma fomu, si baada ya usaili.

Na kabla hujamlipa mtu akufutie rekodi, pita kwa karani wa mahakama uchukue nakala yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Faili likishafungwa kuipata ni kazi, na afisa ataidai vilevile.